Paa la Bohari ya Kanyenye

Niliingia katika nyumba ile ya mtaa wa Kanyenye mara ya kwanza kwa ajili ya magunia matupu. Kazi yangu miaka hiyo ilikuwa kununua vitu vilivyokwisha kazi, kama magunia ya karanga, madebe ya asali na chupa, kisha kumuuzia mtu aliyeamini kwamba bado vina kazi. Nilikuwa na kibanda mtaa wa Isevya na baiskeli moja, na kila kitu nilikihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya muuzaji, mara ya pili kwa ajili yangu.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa ukoo wa Kiarabu uliofanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Mji mzima ulimwita Bi Mkubwa, nami sitamwita vingine. Duka la marehemu mumewe lilikuwa limebaki rafu na mizani, maana asali na nta vilikwisha kuhamia kwenye ushirika. Magunia, hata hivyo, alikuwa nayo. Nikamtajia bei. Akanyamaza. Nikapandisha. Akanyamaza. Nikapandisha tena, huku nikijisikia kama mtu anayegombana na ukuta, mpaka nikafika pale nilipoapa tangu nyumbani kwamba sitafika. Hapo akasema, "Haya, mwanangu. Nilidhani una haraka ya kuondoka."

Nimepatana bei na Wahindi wa dukani, na Wasukuma wenye ng'ombe, na makarani waliouza kisicho chao. Hakuna aliyenishinda kama yule mama, tena bila kufungua kinywa.

Magunia yalikuwa ng'ambo ya ua, katika bohari ya zamani. Lilikuwa jengo refu la udongo, kuta zake nene kuliko urefu wa mkono wangu, na paa la tembe, yaani miti iliyopangwa na udongo kushindiliwa juu yake, bapa kama meza. Nilipousukuma mlango niliona kwamba magunia hayakuwa na kazi ya kungojea mnunuzi. Juu ya karibu kila rundo alilala mtu.

"Hao ni wageni," Bi Mkubwa akasema nyuma yangu. "Chukua yale yasiyo na mtu."

Niliwahesabu, ni tabia. Mara ya kwanza nilipata kumi na wanne, mara ya pili kumi na watatu. Wa kumi na nne alikuwa fundi baiskeli wa jirani aliyeingia kukwepa jua.

Tabora ndipo reli inapogawanyika, huku Kigoma, huku Mwanza. Watu wengi hushuka kubadilisha treni, na wachache hawabadilishi. Mmoja alitoka hospitali amepona, ila hana nauli. Mwingine alifuata kazi ambayo ilikwisha wiki aliyofika. Wale niliozoeana nao zaidi walikuwa watatu. Kulikuwa na mzee mpagazi, aliyebeba mizigo kichwani tangu utoto, kwanza ya wafanyabiashara, halafu ya Wajerumani wakati wa vita, halafu ya Waingereza waliowafukuza Wajerumani. Alisema tofauti hakuiona, mzigo ulikuwa na uzito uleule. Kulikuwa na mama mmoja wa Igunga ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, na kijijini kwake wekundu huo ulitosha kuwa ushahidi wa uchawi. Aliondoka alfajiri moja kabla majirani hawajamaliza kikao. Wa tatu alikuwa kibarua wa zamani wa reli, mguu wake wa kushoto haukunjiki, na kwa hiyo alikuwa akikaa kama mtu anayeonyesha njia.

Wote walikula chungu kimoja, ugali na majani makavu ya kunde, na siku nyingine dagaa. Sikuwahi kumsikia Bi Mkubwa akieleza kwa nini anafanya vile. Ukimuuliza wamekaa muda gani, alijibu kwamba mgeni hahesabiwi siku. Kwa mtu wa tabia yangu lile lilikuwa jibu gumu kulimeza.

Shida ilianza na masika. Kipande cha paa upande wa kusini kililowa, kikawa kizito, kikaanguka. Ilikuwa mchana na watu wote walikuwa uani wakichambua kunde, basi aliyeumia ni kuku. Bwana afya akaja, akatazama juu, akatazama chini, akaandika kwamba nyumba ni ya hatari. Isipoezekwa upya kabla ya mvua zinazofuata itafungwa, na waliomo watahamishwa.

Miaka ile neno kuhamishwa halikuhitaji maelezo. Nchi nzima ilikuwa ikihamia vijijini. Lori lilikuja, watu wakapanda, lori likaenda. Sina ugomvi na vijiji vya ujamaa, nimeviuzia magunia mengi. Lakini kijiji kilikupa kiwanja na jembe, kikakuambia jenga. Yule mzee mpagazi hakuweza kuinua jembe kupita goti, na yule mama wa Igunga angepelekwa palepale alipopakimbia.

Mabati hayakuwa kitu cha kwenda dukani na kununua. Yalitaka kibali, na baada ya kibali yalitaka fedha, na Bi Mkubwa hakuwa na hiki wala zile. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyemweleza kwamba bomani, kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, hutolewa ruzuku kwa nyumba zinazotunza wasiojiweza. Bi Mkubwa akaniita.

"Wewe unajua kupatana," akasema.

"Na watu, Bi Mkubwa. Si na serikali."

"Serikali nayo ni mtu na meza. Nenda kaone meza ina ukubwa gani."

Meza ilikuwa ndogo. Nyuma yake alikaa kijana aliyeletwa kutoka kusini, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Alinisikiliza vizuri. Nilijua bohari ile inahitaji mabati arobaini, nimepima mwenyewe kwa kamba, nikarudia kupima. Kwa hiyo niliomba sitini, ili ashuke nishuke, tukutane pale tunapojua sote.

Akaandika sitini.

"Umeandika sitini?" nikamuuliza.

"Si ndivyo ulivyosema, ndugu?"

Nikaingiwa na wasiwasi. Sokoni, mtu akikubali bei yako ya kwanza, unaanza kukagua mfuko wako. Na kweli alikuwa na jambo. "Nitakuja kuwaona hao watu," akasema. "Ruzuku hii ni ya wale wasio na makazi wala jamaa. Mwenye kwao anarudishwa kwao. Lori tunalo."

Jioni ile niliwakusanya uani nikawafundisha. Akiwauliza kwenu wapi, semeni hatuna. Akiuliza ndugu, semeni hawapo. "Na siwafundishi uongo," nikawaambia. "Ndiyo kweli yenyewe." Wakaitikia kwa vichwa. Mzee mpagazi akasema, "Tumesikia, baba," na mimi, mtu mzima niliyekulia Tabora, nikaenda zangu nikiamini kwamba kusikia ni kukubali.

Kijana wa ustawi alikuja Jumatano. Ua ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio zikionekana kama kitambaa kilichofumwa. Wote walikuwa wameoga. Mama wa Igunga alikuwa amejifunga khanga ya Bi Mkubwa, na kibarua wa reli alikuwa amenyoa ndevu mpaka nilikaribia kumpita bila kumtambua. Kijana akaketi kwenye kigoda, fomu magotini. Mimi nikasimama nyuma yake mahali ambapo wao wataniona na yeye hataniona. Akaanza na mkubwa wao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," akaongeza salamu ya Kinyamwezi.

"Mzee, kwenu ni wapi?"

Nikatikisa kichwa. Mzee mpagazi akanitazama kama unavyomtazama mbuzi wa jirani, akanyoosha mgongo.

"Puge," akasema.

"Una ndugu huko?"

"Ukoo mzima."

Kijana akaandika. Akafuata mama wa Igunga. Kwao ni Igunga, akasema, na baba yake ana ng'ombe. Baba yake, kama angekuwa hai, angekuwa na umri wa kuikumbuka nchi kabla ya Mjerumani. Kibarua wa reli akataja kijiji, mto unaopita hapo, na mjomba aliyekuwa jumbe. Nikaacha kutikisa kichwa, shingo ilikuwa inauma bure. Watu kumi na watatu wakataja vijiji kumi na vitatu, kila kimoja na mashamba yake, na hakuna aliyekuwa na upungufu wa shangazi.

Kijana akafunga fomu zake. Alikuwa amefurahi, na furaha yake ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyonitisha. "Ndugu, hizi ni habari njema," akaniambia. "Wote wana kwao. Wiki ijayo nikipata dizeli tunawarudisha."

Alipotoka nilimwendea mzee mpagazi.

"Mzee wangu, mara ya mwisho kulala Puge ni lini?"

"Kabla ya reli."

"Na nani anakujua huko leo?"

"Hilo hakuniuliza. Ameniuliza kwetu wapi. Kwetu Puge."

"Nilikuambia useme huna kwenu."

Akanitazama, safari hii si kama mbuzi. "Wewe sema," akasema. "Sema wewe, kwa sauti, hapa uani. Tukusikie."

Sikusema. Nilimfuata Bi Mkubwa jikoni, alikuwa akipepeta mchele wa mgao, nikamshtakia watu wake wote. Niliongea muda mrefu. Alimaliza kupepeta kwanza.

"Bohari hii," akasema, "babu yake marehemu mume wangu aliwekea pembe za ndovu. Akawekea chumvi na nguo. Akawekea na watu. Unajua?"

Nilijua. Kila mtu Kanyenye anajua, na hakuna anayetaja akiwa ndani ya ua ule.

"Mtu aliyewekwa mle alikuwa ni nani? Alikuwa ni asiye na kwao. Mwenye kwao walimjia, wakamkomboa kwa ng'ombe, kwa majembe, kwa chochote. Asiye na kwao alikwenda pwani. Huyu mzee aliyaona kwa macho yake akiwa mtoto. Sasa wewe unataka akae palepale, ukuta uleule, amwambie mtu mwenye kalamu kwamba hana kwao."

Nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba. Alipotaka kumtukana mtu kweli hakumgusa mama yake wala sura yake. Alisema tu, huyu hana kwao, na wanawake wote kisimani wakanyamaza. Nilikuwa nimelijua tusi hilo tangu kabla ya kuota meno yote, na bado nilikuwa nimewapanga watu wazima kumi na watatu nikawafundisha kujitukana.

"Sasa lori litakuja," nikasema.

"Kesho tutakwenda bomani. Wewe utakuja kunionyesha mlango. Kuongea usiongee."

Tulikwenda, yeye na buibui na mwavuli, mimi na mdomo uliofungwa. Kijana alisimama kumpokea. "Karibu, ndugu," akasema.

"Ndugu? Mimi nimemzidi bibi yako. Anza na shikamoo, hayo mengine yatafuata."

Kijana akacheka, akaamkia, akamvutia kiti. Nilimpenda kuanzia hapo.

"Watu wangu unawapeleka wapi?" Bi Mkubwa akauliza.

"Kwao, mama, kwa jamaa zao. Ndivyo maagizo yanavyosema."

"Nisomee."

Akatoa karatasi, akasoma polepole: mzee asiyejiweza akabidhiwe kwa jamaa wanaomtunza, mahali wanapoishi.

"Umewauliza jamaa wanaowatunza ni nani?"

"Nimewauliza kama wana ndugu, wakasema wanao."

"Hilo swali lingine. Mtu wa huku ukimuuliza kama ana ndugu atakuhesabia mpaka waliokwisha kuzikwa. Ataona haya kuacha mmoja."

Hapo kijana angeweza kufunga jalada. Alikuwa na mhuri, alikuwa na lori, alikuwa na haki kwa maandishi. Mimi ningefunga. Badala yake alichomoa kalamu mfukoni. "Basi niwaulizeje, mama?"

"Waulize, siku wakifa, habari apelekewe nani kwanza."

Nilitaka kuongeza neno, nadhani kuhusu yale mabati sitini. Ncha ya mwavuli ikakanyaga kiatu changu na kutulia pale. Kijana alikuwa ameinamia fomu zake. Akasema kulikuwa na mahali pa kuandika mtu wa kuarifiwa, chini kabisa, yeye alipaacha akidhani ni kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali. Akasema atakuja tena.

Alikuja tena, kigoda kilekile. Safari hii nilikaa mbele, nimefungwa mdomo kwa amri. Alipomuuliza mzee mpagazi swali jipya, niliogopa kwamba mzee atasema Puge. Kisha akanyoosha kidevu kuelekea kwa Bi Mkubwa.

"Mwambieni huyu."

"Na yeye akiwa hayupo?"

"Huyu," kidevu kikageukia mama wa Igunga. "Ndiye anayenichotea maji ya kuoga. Ataniona kwanza."

Mama wa Igunga akasema Bi Mkubwa, halafu mzee. Kijana alikuwa anageuza karatasi alipomsikia akiongeza, "Igunga msiwaambie." Hakuulizwa kwa nini. Kijana akaendelea na wa tatu.

Kibarua wa reli akaninyooshea mimi kidole.

"Mimi?" nikasema, amri ikanitoka. "Sisi tunajuana kwa kupunjana tu. Mwezi uliopita uliniuzia taa isiyo na utambi."

"Ndiyo maana nakutaka. Wengine wataambiwa nimekufa watalia. Wewe utakuja kuhakikisha."

Ua mzima ulicheka, na mama wa Igunga, ambaye sikuwahi kumwona meno, nilimwona meno. Nikaandikwa.

Wakaendelea hivyo mpaka wa mwisho, huyu akimtaja yule, yule akimtaja Bi Mkubwa, na hakuna jina lililovuka Kanyenye isipokuwa langu la Isevya. Kijana alizipitia fomu zote, kisha akazipitia tena, jambo lililozidi kunifurahisha. "Kwa maagizo haya," akasema, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja, "hawa watu wamekwisha kukabidhiwa kwa jamaa zao."

"Siku nyingi," Bi Mkubwa akasema.

"Na jamaa zao wanahitaji kusaidiwa kuwatunza."

"Hilo umelisema wewe."

Akampa kalamu atie sahihi ya jamaa. Kijana alikwisha kuandaa wino wa kidole gumba, lakini Bi Mkubwa aliusogeza kando, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, mwandiko mwembamba uliosimama sawasawa kwenye mstari. Akatia sahihi fomu kumi na mbili, ya kwanza na ya mwisho zikiwa hazina tofauti. Ya kumi na tatu ilikuwa yangu. Nimeweka sahihi kwenye hati nyingi maishani na karibu zote nilikuwa natafuta njia ya kutokea. Ile sikuitafutia.

Baada ya hapo tulingoja. Anga lilikuwa limeanza kujaa mawingu mchana, na upepo uliinua vumbi la barabara na kulirudisha mahali pengine. Asubuhi moja tukasikia lori linaingia kichochoroni. Nilikuwa pale kwa ajili ya madebe. Mama wa Igunga aliinuka, akaingia ndani, na nilipopita mlangoni nilimwona anafunga vitu vyake kwenye kitambaa, fundo juu ya fundo. Mzee mpagazi alibaki ameketi uani, fimbo magotini. Bi Mkubwa alikwenda mwenyewe kufungua geti.

Lori lilikuwa na mabati.

Nikayahesabu yakishushwa, nikayahesabu yalipokwisha kupangwa. Ishirini. Nimeomba sitini ili nipewe arobaini, nimepewa ishirini. Nikaelewa kwamba serikali nayo imekulia sokoni, ila yenyewe hupatana ikiwa peke yake chumbani.

"Nakwenda kwa yule kijana," nikasema. "Hata kumi tutaongezewa."

"Kaa hapohapo," Bi Mkubwa akasema. "Akifungua jalada tena, atakayelisoma safari hii huenda si yeye."

Basi tukajenga ukuta katikati ya bohari, tukaezeka nusu ya kaskazini. Nusu ya kusini tukaibomoa kwa mikono yetu, miti yake ikawa kuni za chungu. Kibarua wa reli alikaa chini na mguu wake umenyooka akituelekeza misumari ipigwe wapi, na mafundi walimtii kwa sababu alitukana vizuri. Nafasi ilipungua. Watu walisogeana. Bwana afya alirudi, akatazama juu, akatazama chini, akaandika kwamba hatari imeondolewa, akanywa kahawa mbili.

Mvua ya kwanza ilipiga siku nne baadaye, alasiri, nami nikakimbilia mle. Ilishuka juu ya yale mabati kama mabehewa ya reli yanayounganishwa, moja baada ya jingine bila mwisho. Wote walikuwa wamekaa ndani, pamekauka, na hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Mzee mpagazi alinivuta shati mpaka sikio langu likafika kinywani kwake.

"Udongo ulikuwa kimya," akapiga kelele. "Hili paa gani? Mwambie yule kijana wako aje alale chini yake siku moja ya mvua, ndipo ajue alichotuletea."

Nilipopita bomani wiki ile nilimfikishia. Kijana alisikiliza kwa makini, uso umekunjamana. "Kwa hiyo mzee anaomba kuhamishiwa mahali pengine?"

"Hapana. Ananung'unikia nyumba yake."

Akachukua kalamu.

"Hilo," nikamwambia, "usiliandike."